Mwambie Apande

Mama yangu alikaa benchi la mwisho kanisani kwa miaka thelathini na mmoja. Kila Jumapili aliimba, aliomba, alisikiliza mahubiri akiwa amelaza kichwa upande kama mfanyabiashara anayetajiwa bei asiyoiamini. Na kila Jumapili ya Meza ya Bwana, watu walipoanza kutoka kwenye mabenchi kwenda mbele kula mkate na kunywa divai, yeye alifunga zipu ya mkoba, akanishika mkono, tukatoka. Tulisimama nje kwenye kivuli cha ukuta mpaka wimbo wa mwisho uishe. Nilipokuwa mdogo nilidhani mama hapendi divai.

Alikuwa ametengwa. Kanisani kwetu neno hilo halina kelele. Hakuna anayekufukuza, hakuna anayekunyima mkono wa salamu. Unaruhusiwa kila kitu isipokuwa kile kimoja ulichokifuata.

Kosa lake lilikuwa baba yangu. Mama alitoka Kilimanjaro akiwa msichana, akafungua duka la vitenge na khanga Kariakoo. Baba alikuwa fundi kanzu, Mwislamu wa hapahapa mjini, babu zake wote wamezikwa umbali wa kutembea kwa miguu. Alimwomba mama ruhusa ya kuweka cherehani yake kwenye baraza ya duka. Mama akamwambia aweke, ila asimzibie wateja. Mwaka uliofuata walifunga ndoa bomani mbele ya karani na mashahidi wawili, kwa sababu kanisani wasingekubaliwa, na msikitini mama mwenyewe asingekubali. Kaka zake mama waliacha kumpigia simu. Kanisa likamtenga. Msikitini kwa baba watu walisema mwezi mmoja, wakachoka.

Kabla sijazaliwa walipatana kwamba mtoto wa kike atafuata dini ya mama, wa kiume ya baba. Nikaja mimi, na baada yangu hakuja mtu.

"Mchaga huyu," baba alipenda kusema, "hata kwenye watoto kanipunja."

"Ungeamka mapema, mtu wa pwani," mama anajibu, "ungekuta fungu lako."

Njia ya kurudi kundini ilikuwapo. Unasimama mbele ya usharika, unaungama, unasema unajutia ulichokifanya na umeachana nacho. Nimeona wengi wakisimama pale. Mama hakusimama. Nilimuuliza kwa nini, siku moja tukipanga majora dukani, akaniangalia kama nimemletea noti bandia.

"Nijute nini? Nimjutie mtu anayeninyooshea gauni la kwendea kanisani?"

Na ni kweli. Kila Jumamosi jioni, baba, ambaye hakuwahi kukanyaga kanisa lile, alichomeka pasi akalinyoosha gauni la mama pindo kwa pindo, kwa umakini uleule aliokuwa nao kwenye kola ya kanzu ya bwana harusi.

*

Naandika haya kwa sababu kuna jambo nililifanya kwa jina la Mungu, na nimekaa nalo miaka minne.

Lakini kwanza niseme mama aliamini vipi, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka.

Katikati ya kila jora la kitambaa kuna ubao wa karatasi ngumu. Kitambaa kikiisha, wenye maduka huutupa. Mama aliukata vipande vya ukubwa wa kiganja, akaandika juu yake ahadi za Mungu kwa kalamu nene ya makapeni, kwa maneno yake mwenyewe, kama mtu anayejikumbusha alichoambiwa. Alisema hatalala wala kusinzia. Alisema atayafuta machozi. Alisema mjane na yatima ni watu wake. Vipande hivyo vilijaa ukutani juu ya kitanda chao, na kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini baba alivipangusa vumbi kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu. Sijawahi kumsikia akivisoma kwa sauti. Sijawahi pia kumwona akikiruka hata kimoja.

Miaka hiyo mimi nilikuwa nimewaka moto. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye ofisi moja eneo la Posta, na saa ya chakula cha mchana niliwaacha wenzangu na wali wao, nikaenda kwenye ibada ya mchana iliyofanyika ukumbi wa ghorofa ya pili, jirani na ofisi yetu. Huko tulifundishwa kudai ahadi. Unasimama wima, unanyoosha mkono, unamkumbusha Mungu alichosema, na humwachii mpaka atende. Tulipaza sauti hadi mishipa ya shingo ikasimama. Nilirudi kazini nimekauka koo na nimejaa uhakika.

Mama alipougua saratani ya kizazi, na hospitali ikaturudisha nyumbani bila kutupa tarehe ya kurudi, nilihamia kwao Mchafukoge, ghorofa ya tatu, kwenye jengo la zamani lenye ngazi zinazolia kama mtungi mtupu. Nilisimama miguuni pa kitanda kila asubuhi nikadai. Ulisema utaponya! Ulisema! Baba alikuwa akitoka chumbani kwa heshima, anakwenda kukaa jikoni.

Asubuhi moja mama alifungua jicho moja.

"Unamfokea nani?"

"Nadai ahadi, mama."

"Kwani yuko Kibaha? Shusha sauti." Alipumzika kidogo, maana maneno yalikuwa yameanza kumchosha. "Mteja akiniambia, mama niwekee hii, nakuja, mimi nafanyaje?"

Nilijua. Dar nzima inajua. Mteja akisema niwekee, mama alichana ukanda mwembamba wa pindo la kitenge, akafunga nao kile kitambaa, akakiweka rafu ya juu kabisa. Hakuandika jina. Hakutoa karatasi yoyote. Palikuwa na mwanamke wa Songea aliyerudi baada ya miaka miwili, amekonda hatambuliki, kasimama mlangoni bila kusema kitu, na mama akapanda stuli akamshushia doti yake ya khanga.

"Yule wa Songea," mama akasema, "alinionyesha risiti?"

"Hapana."

"Risiti ni ya watu wasiojuana. Mimi nikienda kwa Mungu naenda na sura yangu. Namwambia, ni mimi yule, nimefuata kile ulichosema utaniwekea. Basi. Sasa wewe unamsomea vifungu kama wakili."

Nilicheka. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba na nilidhani huo ni mzaha wa mgonjwa.

*

Jumapili iliyofuata hakuweza tena kushuka ngazi. Alilala akisikiliza spika ya msikiti, na honi, na wapiga debe, na watu wa mali kauli, wanaochukua mzigo kwa ahadi ya mdomo tu, wakibishana chini barabarani. Jioni aliniita.

"Nataka kula kabla sijaondoka," alisema.

Nilidhani anataka uji.

"Mezani," alisema. "Nataka mkate ule. Miaka thelathini na mmoja nimesimama ukutani. Kamtafute mchungaji. Lakini usimwambie najuta, maana sijuti."

Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu, na sikuwahi kumwona mama akitaka kitu kwa macho namna ile, hata dawa ya maumivu. Nikajiapiza atakipata.

Mchungaji alikuwa mgeni, amehamishiwa kwetu hivi karibuni. Mimi sikumwendea. Nilimwendea mzee wa kanisa wa mtaa wetu, mfanyabiashara wa jumla wa vyombo vya plastiki, mtu wa mlimani kama mama, aliyenijua tangu nasoma shule ya Jumapili. Huu ndio utaratibu tuliolelewa nao: mchungaji hafikiwi moja kwa moja, unapitia kwa mzee. Nilimkuta dukani kwake katikati ya minara ya ndoo na mabeseni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Mama?"

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri. Sitaki mtu amwone mtu mbaya. Alitoa leso akafuta uso, akasema amekuwa akimwombea mama miaka yote, na kwamba mgonjwa wa kitandani anasamehewa kusimama mbele ya usharika.

"Lakini yule mzee," alisema.

"Baba?"

"Asikutwe ndani. Asiwe anaishi pale mchungaji akija. Binti yangu, mtu hawezi kusema ameacha, huku alichokiacha ndicho kinachompikia uji."

"Mama hajasema ameacha."

"Hahitaji kusema. Nyumba itasema yenyewe." Akanikazia macho. "Siku chache tu. Akae hata kwa ndugu zake. Mimi nitazungumza na mchungaji, Alhamisi saa sita tutakuwa pale."

Nilitoka nikiwa mwepesi. Nilihisi Mungu amefungua mlango na ameniachia nisafishe kizingiti. Nilitembea kutoka pale hadi nyumbani nikiimba chinichini, na mpaka leo nikiusikia wimbo ule nazima redio.

Baba alikuwa jikoni anachekecha unga wa ulezi. Nilimwambia nimesimama mlangoni, haraka, kama mtu anayebandua plasta.

"Siku ngapi?" aliuliza.

"Mpaka Alhamisi."

"Leo Jumatatu." Alikung'uta chekecheo. "Mama yako kasema hivyo?"

Nilisema ndiyo.

Ni neno fupi. Baba aliliangalia kwa muda kana kwamba nimeliweka mezani kati ya unga na maji. Halafu akasema, "Akitaka yeye, mimi nani?" Akanionyesha uji unavyochemshwa ili usishike madonge, akaniambia mama hapendi sukari nyingi siku hizi, na kwamba akigeuzwa ageuzwe kwanza bega, ndipo nyonga. Nilimharakisha aondoke mama akiwa bado usingizini. Nilikuwa naogopa wakikutana macho, wote wawili watanijua. Alikunja mswala wake, akatia kanzu mbili kwenye mfuko wa rambo, akashuka kwenda kwa dada yake Ilala. Nilisikia ngazi zote arobaini na mbili.

Mama alipoamka nilimwambia baba amepata mafua makali, daktari kasema asimsogelee mgonjwa.

"Mafua?" alisema. "Mbona hakuniaga?"

Jumanne aliuliza mara mbili. Jumatano hakuuliza, alikuwa anaangalia mlango.

*

Alhamisi niliamka nikatandika shuka jeupe. Nilisogeza meza ndogo kando ya kitanda, nikaitandikia kitambaa cheupe cha teteroni, nikafungua madirisha. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo mlango wa mbele nao niliuacha wazi ili upepo upite. Saa sita kasoro mzee wa kanisa akafika, akihema kwa ngazi, amevaa suti.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amen."

Alikaa kwenye kiti cha baba. Alisema mchungaji yuko njiani ila magari hayatembei, kuna lori limekwama huko kwenye mzunguko wa barabara. Tukasubiri. Mama alikuwa anapumua kwa kukata, anavuta, anakaa, mpaka unajikuta na wewe umebana pumzi unamsubiri avute tena. Nilipangusa midomo yake kwa pamba yenye maji. Nilimnong'oneza, "Mama, leo unakula." Alifungua macho, na nadhani alifurahi. Nataka kuamini alifurahi.

Ndipo tukasikia kikohozi.

Baba ana kikohozi cha vumbi la nguo, cha miaka yote ya kukaa na cherehani: viwili vifupi, vikavu, halafu kimya. Nimekuwa nikikisikia tangu tumboni. Kilitoka ngazini, chini yetu, pengine kwenye kona ya ghorofa ya pili, na ngazi zile zikakipandisha hadi kitandani kama zilivyopandisha kila kitu.

Uso wa mama ulifunguka.

"Huyo," alisema. "Mwambie apande."

Nilimwangalia mzee wa kanisa. Mzee wa kanisa aliangalia viatu vyake.

"Baadaye, mama," nilisema. "Mchungaji anakaribia."

"Mwambie apande."

"Mama, bado kidogo tu. Uliomba mwenyewe."

Alikusanya pumzi. Ilimchukua muda mrefu. Aliponiangalia macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa na mshangao, kama siku ile ya majora.

"Ninyi mnamsubiri nani?"

"Mchungaji, mama."

"Mimi namsubiri baba yako."

Kutoka kwenye kile kitanda hadi mlangoni ni hatua tisa, nimezipima baadaye. Kutoka mlangoni ningeita tu. Nisingehitaji hata kushuka. Nilibaki nimesimama na pamba mkononi. Kichwani nilikuwa nadai: Bwana, ulisema, mfikishe mchungaji, ulisema. Niliwaza jinsi nyumba ilivyokuwa safi. Niliwaza baba akiingia sasa hivi na mchungaji akatokea nyuma yake, na mzee akasimama, na sahani ndogo ya mkate ikarudi mkobani mwake, na mama akaondoka bila kula. Nilikuwa nalinda mkate.

Kikohozi kikasikika tena, viwili vifupi. Nikamgeukia mzee wa kanisa; nilipomrudia mama, alikuwa amefumba macho. Hakuuliza tena. Nilidhani amepitiwa na usingizi, nikashukuru. Mzee wa kanisa alianza kusoma zaburi kwa sauti ya chini, na alipofika mahali fulani akanyamaza, akainua kichwa, na sote wawili tukagundua kwamba kwa muda sasa hakuna aliyekuwa akipumua kitandani.

Chini barabarani mtu wa spika alikuwa anatangaza mashuka.

*

Nilishuka. Baba alikuwa amekaa kwenye kona ya ghorofa ya pili, mgongo ukutani, chupa ya uji katikati ya miguu. Hakuwa ndani ya nyumba. Aliambiwa asikutwe ndani, akakaa nje. Baadaye muuza kahawa wa chini aliniambia baba alikuwa pale Jumanne, alikuwa pale Jumatano, kutwa, akipanda juu mara moja moja tu kusikiliza kama kuna mtu anakohoa au kulia, kisha anarudi kwenye kona yake.

Aliponiona alijaribu kuinuka kwa haraka, magoti yakakataa.

"Ameshakula?" aliniuliza.

Nilitikisa kichwa. Nadhani hapo alielewa yote, lakini aliniuliza tena, taratibu, kama mtu anayeulizia mtoto, "Hajala?"

"Bado, baba. Amekwenda."

Alisema lile wanalosema Waislamu mtu anapofariki, kwamba sote ni wa Mungu na kwake tutarejea. Akachukua chupa yake ya uji akapanda nayo. Nilikuwa nyuma yake. Kila ngazi aliweka miguu yote miwili.

Alipofika kitandani aliuvua ushungi aliomfunga mwenyewe siku tatu kabla, akaufunga upya vizuri. Kisha akakaa miguuni, akazishika nyayo za mama kwa mikono miwili. Mzee wa kanisa alikuwa amesimama kwenye kona akitazama dirisha. Baba alimwambia, "Karibu ukae, mzee. Hicho kiti ni chako," na yule mtu akaanza kulia kwa sauti kama mtoto.

Ndipo baba akaniuliza, "Aliniulizia?"

"Hapana," nilisema. "Alikuwa amelala."

Mchungaji aliingia saa saba na nusu na kimkoba chake cheusi, kola imelowa jasho. Alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia. Aliangalia kitanda, akaangalia baba, akamwangalia mzee wa kanisa. Aliweka mkoba chini, akamwendea baba kwanza, akampa mkono na pole. Baada ya sala fupi alinivuta jikoni.

"Yule ni mumewe?"

"Ndiyo."

"Mzee ananiambia alikuwa ngazini. Kwa nini?"

Nikamweleza. Aliangalia chekecheo juu ya meza.

"Ungekuja kwangu," alisema.

"Ungempa akiwepo?"

"Sijui." Aliposema hivyo uso wake ulikuwa na uchovu wa mtu mkweli. "Kanuni zipo, na mimi ni mtumishi wa kanuni hizo. Sijui ningefanya nini. Lakini mngenipa nafasi ya kukosea mimi."

Kanisa halikumwingiza mama. Hakuwa amerudi kundini, na jeneza la asiyerudi halipiti mlango ule. Mchungaji alikuja makaburini amevaa shati la kawaida, bila joho, akaomba kama jirani yeyote. Kaka zake mama hawakushuka kutoka mlimani. Waliobeba jeneza ni wanaume wa msikiti wa baba, wasiojua hata wimbo mmoja kati ya nyimbo tulizoimba, wakipokezana mabega kama wanavyopokezana kwa wa kwao, wakiwa kimya kwa sababu hawakujua kwetu mtu asemeje. Kwenye rafu ya juu ya duka nilikuta kitambaa cheupe, mita nne, kimefungwa kwa ukanda wa pindo. Vingine vyote vilivyobaki juu pale nilijua vimewekewa nani. Hicho hakuna aliyekuja kukifuata. Nilimfunika nacho kabla jeneza halijafungwa.

*

Niliacha ibada za mchana. Sikumwacha Mungu, ingawa kuna miezi nilitamani kama ningeweza. Siku hizi simdai kwa kunyoosha mkono. Nakwenda na sura yangu, na sura yangu ina jambo lile. Nimeelewa kwa kuchelewa kwamba mama hakuwahi kuomba kuponywa. Chini ya mto wake nilikuta kipande kimoja cha ubao wa jora, kimelainika kwa jasho na kushikwashikwa, kimeandikwa maneno mawili: Alisema hataniacha. Mkate ule aliutaka kama mtu anavyotaka kukaa mezani na wa kwao. Na wa kwao mmoja nilikuwa nimemtoa mimi.

Baba anaishi nami sasa. Cherehani yake iko dirishani, anashona kofia, macho hayamruhusu tena kanzu. Ijumaa bado anavipangusa vile vipande, nimevihamishia ukutani kwangu.

Mwaka huu, Ijumaa moja asubuhi, akiwa amenyoosha mkono kukifikia cha juu, nilimwambia. Sikujiandaa. Nilisema baba, siku ile nilikudanganya. Alikuulizia. Alisema mwambie apande, akasema tena, mimi nikakataa. Na kabla ya hapo nilikudanganya pia, mama hakujua lolote kuhusu wewe kuondoka.

Aliendelea kupangusa mpaka akamaliza kile kipande.

"Hilo la kwanza nililijua palepale jikoni," alisema. "Mama yako anitume niondoke, halafu asinitukane kidogo?"

"Na la pili?"

"Mlango ulikuwa wazi, mwanangu. Ngazi zile zimpandishie yeye kikohozi changu, zishindwe kunishushia sauti yake?"



"Ulisikia?"

"Neno kwa neno."

"Mbona hukupanda?"

Alikunja kile kitambaa cha vumbi mara mbili, pembe kwa pembe.

"Nilidhani mkate wake uko mlangoni. Miaka thelathini na mmoja. Nikasema nisije nikamharibia, nimsubirie kidogo." Alikiweka kitambaa juu ya cherehani. "Mimi na wewe tulikosea pamoja. Usijitwalie peke yako."

Nilimshushia kofia yake msumarini.

"Lakini nilimjibu," alisema.

"Ulimjibuje?"

"Kile cha pili hakikuwa kikohozi."

Alivaa kofia yake, akachukua mswala, akashuka kwenda msikitini. Nilibaki mbele ya ukuta ule, nikijaribu kukumbuka uso wa mama ulivyokuwa alipofumba macho. Nimejaribu hadi leo. Wakati ule nilikuwa namwangalia mzee wa kanisa.